Mwongozo kamili wa kupiga picha majahazi na meli za mizigo, Malindi ya Unguja na kwengineko

Wenzetu wa bara wana treni za mizigo. Mtu anachukua kamera yake, anakaa kando ya reli, anasubiri mabehewa yapite. Sisi Unguja reli tulikuwa nayo zamani. Ile ya Bububu ilianza 1905, ikitoka Ngome Kongwe na kupita Malindi, safari ya maili saba hivi. Kwenye miaka ya 1920 ikaacha abiria, ikabaki kubeba mawe ya kujengea bandari, kisha ikafa. Kwa hiyo anayetaka kupiga picha shehena ikisafiri, hapa kwetu ataitafuta baharini.

Na wengi wanaitafuta pasipo. Wanakwenda Forodhani jua likizama, wanarudi na kivuli cheusi cha tanga mbele ya wekundu wa magharibi. Picha hiyo imeshapigwa mpaka imechoka, na ndani yake huoni hata kiroba kimoja cha unga. Mizigo ina ratiba yake, na ratiba hiyo haimo kwenye saa ya mkononi. Imo kwenye maji.

Anza na mwezi, kamera baadaye

Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila kukicha yanachelewa kiasi cha dakika 50. Hilo kila mtoto wa pwani analijua. Mpiga picha analihitaji kwa hesabu zaidi.

Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi mosi (siku ya kwanza ya mwandamo) mpaka tatu na tena kumi na tano mpaka kumi na saba, maji ya bandari ya Unguja hujaa kiasi cha saa kumi na kitu, alfajiri na alasiri. Hupwa kiasi cha saa nne na kitu, asubuhi na usiku. Tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hufika kama mita nne. Siku za maji mafu, mwezi saba mpaka tisa na ishirini na mbili mpaka ishirini na nne, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi kuelekea saa nne au saa tano, na hayapwi sana.

Geuza hesabu hiyo iwe picha. Ukitaka jahazi linaloelea vizuri na kupakuliwa kwenye mwanga wa asubuhi, nenda maji mafu. Ukitaka vyombo vinavyoingia na maji makubwa huku jua limeshalegea, nenda bamvua saa kumi alasiri. Na ukitaka kuona jahazi lote mpaka mkuku, uti wake wa chini, bamvua hiyohiyo saa nne asubuhi, maji yakiwa yameondoka kabisa, vyombo vimelala ubavu kwenye mchanga na mafundi wako chini wanakalafati. Maruhubi ni pazuri kwa hilo. Pamba inagongwa kwenye mianya ya mbao kwa nyundo, na sifa, yale mafuta ya papa, inapakwa. Harufu yake utarudi nayo nyumbani kwenye shati.

Siku za katikati zihesabu kwa vidole. Mwezi nne, kwa mfano, ni siku tatu baada ya mwezi mosi. Tatu mara dakika 50 ni saa mbili na nusu. Kama mwezi mosi yalijaa saa kumi na robo, leo yatajaa kiasi cha saa kumi na mbili na dakika 45 za magharibi. Haya ni makadirio ya mtu aliyekaa barazani. Maji mafu yanapokaribia, kuchelewa huzidi saa nzima kwa siku. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani tazama jedwali la maji. Liko kwenye simu, halina gharama. Lakini ijue hesabu ya mdomoni pia, kwa sababu ndiyo watakayokujibu mabaharia ukiwauliza jahazi fulani linaingia lini. Hawatakwambia saa nane na dakika kumi. Watakwambia "maji yakitimu".

Upepo unatoka wapi, chombo kinatoka wapi

Kuanzia Desemba mpaka Machi ni kaskazi. Kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba ni kusi. Katikati yao ni malelezi, upepo haueleweki na wala hauna haraka.

Majahazi mengi siku hizi yana mashine, na upepo ukiwa wa mbele nahodha hahangaiki kubisha, kwenda pembepembe dhidi ya upepo: anafunga tanga kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, anawasha mashine, anakuja akitoa moshi. Picha ya tanga lililojaa utaipata chombo kikiwa na upepo wa nyuma au wa ubavuni. Sasa fikiri ramani. Anayetoka Dar es Salaam kuja Unguja anapanda kaskazini, basi kusi inamsukuma. Anayetoka Pemba au Tanga anashuka kusini, basi kaskazi inamsukuma. Wakati wa kusi elekeza macho upande wa Chumbe, ambako mnara wa taa wa mwaka 1904 bado umesimama. Wakati wa kaskazi geuka, tazama upande wa visiwa vya Chapwani na Changuu.

Masika watu wengi wanafungia kamera kabatini. Kosa. Wingu la masika ni shuka kubwa lililotandikwa mbele ya jua, na nyuso za mabaharia hazijapata kuonekana vizuri kuliko siku hizo. Chukua mwavuli tu na mtu wa kukushikia.

Jua

Mji Mkongwe unatazama magharibi. Asubuhi jua liko nyuma ya majumba, na chombo kinachoingia kinapigwa na mwanga usoni. Lakini mpaka kiasi cha saa mbili vivuli vya majumba vinafunika ukingo wa Mizingani, kwa hiyo vilivyo karibu vitakuwa gizani huku vya mbali vinang'aa. Subiri kivuli kirudi nyuma.

Adhuhuri usipoteze muda. Tuko nyuzi sita tu kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linasimama utosini kabisa, na kila mwenye kofia anakuwa na shimo jeusi mahali pa macho. Nenda kaswali, kula, rudi saa tisa.

Hodi

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bandari ni eneo la ulinzi. Geti, makontena, eneo la forodha, abiria wanaokaguliwa: huingii na kamera bila ruhusa, na hata ukiwa nje usisimame getini ukalenga ndani. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikidhani barabara ni ya watu wote. Niliwekwa kwenye benchi saa mbili, nikafutishwa picha moja baada ya moja, pamoja na za harusi ya dada yangu zilizokuwa kwenye kadi hiyohiyo. Mlinzi alikuwa anafanya kazi yake. Kosa lilikuwa langu, ingawa dada mpaka leo hataki kusikia hivyo.

Ukitaka kuingia ndani, andika barua kwa Shirika la Bandari. Taja jina lako, kitambulisho, siku, saa, sehemu unayoitaka na picha ni za kazi gani. Barua fupi yenye siku moja hujibiwa kwa urahisi kuliko barua ndefu yenye "muda wowote". Nenda nayo mwenyewe, na baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Boti za KMKM (kikosi cha kuzuia magendo) na za jeshi usizipige hata zikikupita mbele ya pua. Kibweni, kwenye kambi yao, pita na kamera begini. Droni isiruke mpaka uwe na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na kumbuka uwanja wa ndege hauko mbali na mji.

Ruhusa ya pili ni ya nahodha, na hiyo haina barua.

"Assalaam aleikum, nahodha."

"Waaleikum salaam." Anaitazama kamera, hanitazami mimi. "Wa kodi wewe?"

"Mimi wa Kikwajuni tu, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Kikwajuni kwa nani?"

Hapo umeshaingia. Jibu lote, usikate. Mwambie unapenda vyombo, muulize chombo kimejengwa wapi, mbao gani, kinatoka wapi leo. Kamera iwe inaning'inia shingoni wakati wote huo. Akimaliza, muulize kama unaweza kupiga, na umuulize pia nani hataki. Daima yuko mmoja: kijana ambaye mama yake anadhani yuko skuli, au mtu mwenye sababu zake. Huyo umuache nje ya picha, hata kama ndiye mwenye sura nzuri kuliko wote.

Ijumaa kazi inasimama kwa swala, usije ukalaumu maji. Ramadhani makuli wanaanza mapema na kuishiwa nguvu mapema. Na mtu akijimwagia maji baada ya kazi, geuza uso.

Vifaa, kwa ufupi

Lenzi mbili zinatosha: moja pana ya kusimama karibu na jahazi (milimita 24 hadi 70), moja ndefu ya kuvuta vyombo vya mbali (70 hadi 200, au zaidi ukiwa nayo). Simu nzuri inafanya kazi ya lenzi pana bila aibu. Miguu mitatu acha nyumbani. Kwenye gati inakwaza wabebaji, na aliyebeba kilo hamsini shingoni haoni chini. Viatu viwe vya kufunga. Ndara kwenye ubao wenye maji na unga ni safari ya hospitali.

Kamera iseme kweli

Tanga jeupe linaidanganya kamera. Likijaa kwenye picha, kamera inadhani mwanga ni mwingi mno na inalifanya kijivu; ongeza mwanga kwa nusu hatua au hatua moja. Likiwa dogo, ubavu mweusi wa chombo na maji ya giza yamelizunguka, kamera inafanya kinyume: inafungua, na tanga linaungua likawa karatasi tupu. Hapo punguza. Tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera, nguzo za upande wa kulia: zikigonga ukuta, umepoteza mishono ya tanga, na mishono ndiyo yenye uzuri. Piga faili ghafi (RAW) kama kamera inaruhusu, utaweza kurudisha kitu.

Ukiwa ufukweni, tundu la lenzi f/8 na kasi ya 1/500 vinatosha kwa chombo cha tanga. Ukiwa ndani ya boti nyingine, panda 1/1000, maana sasa mnacheza wote wawili. Ukitaka kufuatisha chombo ili nyuma yake pavurugike kwa mwendo, shuka mpaka 1/30 na zungusha kiuno, mikono iwe imetulia. Tegemea kupata moja kati ya kumi. Filta ya polaraizi inaondoa mng'aro juu ya maji na kukuonesha rangi, ila inafanya kazi jua likiwa ubavuni mwako, na inakula mwanga zaidi ya hatua moja. Jua likiwa nyuma au mbele yako, ivue.

Kuhusu kupanga picha, mambo mawili ndiyo ninayoyashikilia. Kwanza, simama uone omo (mbele ya chombo) na ubavu kwa pamoja. Chombo kikitazamwa ubavu mtupu ni kama picha ya pasipoti. Kikija na omo mbele na ubavu ukirudi nyuma, unaona kinakwenda. Acha maji mengi zaidi mbele ya omo kuliko nyuma ya tezi, upande wa nyuma wa chombo. Pili, tazama kimo cha chombo majini. Jahazi tupu linaelea juu kama kikombe. Lililosheheni limekaa chini, ukingo uko karibu na maji, na hata asiyejua bahari akiliona atahisi uzito. Ukipata nafasi, lipige lilelile linapoingia na linapotoka, ukisimama mahali palepale. Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja hazihitaji maelezo.

Ubao

Kwa picha nzuri kuliko zote, tanga sahau. Kaa kwenye ubao.

Chombo kimefungwa, ubao umelazwa kutoka ukingoni mpaka gatini, na makuli wanapita mmoja mmoja. Gunia limekunjwa pembe na kuvikwa kichwani kama kishungi, mzigo unakaa kwenye shingo na bega. Karani amekaa kwenye kreti na daftari lake, kila kumi anapiga mstari. Kama ni saruji, kope za watu zimekuwa nyeupe na jasho limechora mito mashavuni. Kama ni nyanya, matenga yanapita mkono kwa mkono na hakuna anayetupa. Mbao zinakuja na kelele. Vitunguu vinakuja na maganda yanayopeperuka kila mahali, mpaka ndani ya lenzi.

Usifukuze watu na kamera. Chagua ubao, tega fokasi katikati yake, izime isihame, kisha subiri. Ubao una mdundo. Mtu akiingia, hatua ya kwanza na ya pili hauna habari. Hatua ya tatu unapinda, tumbo lake linakaribia maji. Anapotoka unamrusha juu kidogo na yeye anautumia mruko huo kufika gatini. Picha iko kwenye hatua ya tatu. Hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, bonyeza. Kasi 1/250 inamgandisha yeye na kuacha miguu ikiwa na uhai kidogo. Baada ya watu ishirini utakuwa unajua nani anapita polepole, nani anaimba, nani anapita akikimbia kwa kujionesha kwa kuwa amekuona. Huyo wa mwisho piga ili afurahi, halafu endelea na wengine.

Baada ya ubao fuata mzigo. Unaingia kwenye gari la hamali au gari la ng'ombe, unapita Funguni kuelekea Darajani. Kiroba kilekile ulichokipiga kikitoka ngamani, ndani chini ya chombo, kipige kikimwagwa dukani. Wengi wanaishia gatini kwa sababu ya uvivu tu.

Meli kubwa

Meli za makontena ni kazi tofauti. Meli za safari za kimataifa zenye tani 300 na kuendelea hutakiwa kuwa na chombo cha AIS kinachotangaza jina, mwendo na mahali zilipo, kwa hiyo programu ya simu itakuonesha ipi imetia nanga nje na ipi inakuja. Majahazi hayamo humo. Usidhani bahari ni tupu. Subiri pale tagi, boti ya kuvuta meli, inapotoka kwenda kuipokea meli: una muda wa kufika Mizingani bila kukimbia. Simama karibu na Mti Mkubwa, tumia lenzi ndefu, na weka mtumbwi au ngalawa mbele ili ukubwa uonekane. Piga mapema, kabla ya saa tatu. Baadaye joto juu ya maji linaifanya meli itikisike kama unaitazama kupitia mvuke wa chungu, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokutibu hilo.

Nje ya mji

Mkokotoni kuna bandari ndogo, kisiwa cha Tumbatu kiko mbele yake, na hakuna fujo za mji; siku ya bamvua maji yakipwa utaona mizigo ikibebwa kwa miguu ndani ya maji. Nungwi nenda kwa mafundi wanaojenga vyombo, maana anayejua taruma, mbavu za chombo, zimekaaje hapotezi muda kutafuta pembe ya kupigia.

Pemba ni safari ya msimu. Karafuu zikiiva, tangu kiasi cha Julai mpaka mwisho wa mwaka, majamvi yanatandikwa kando ya barabara na kisiwa kizima kinanukia. Fuata magunia kutoka kwenye majamvi mpaka kwenye mizani ya shirika linalonunua, kisha mpaka Wete au Mkoani yanakopakiwa. Kwenye majamvi piga asubuhi, jua likiwa chini, kila karafuu iwe na kivuli chake. Na omba ruhusa mara mbili: zao hilo lina sheria zake za magendo, na mtu mwenye kamera karibu na magunia huulizwa maswali.

Chumvi

Bahari itaila kamera yako kimyakimya. Ukirudi, futa mwili wake kwa kitambaa laini kilichotiwa maji matamu na kukamuliwa sana, kisha kwa kikavu. Kioo cha lenzi kipulize kwanza ndipo ukifute; ukifuta chumvi ikiwa kavu unakikwaruza. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla ya kuitoa, la sivyo itatokwa jasho kuliko wewe. Vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, vitie begini.

Usiku huohuo andika: jina la chombo kama lilivyochorwa tezini, siku, hali ya maji, mzigo, kilikotoka. Kesho utasahau.

Na chapisha picha moja umpelekee nahodha safari yake ijayo. Mimi ya kwanza niliipeleka nikiwa najisifu: jahazi limejaa pembe kwa pembe, mwanga wa saa mbili, kila baharia anaonekana. Mzee akaishika kwa ncha za vidole kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta, akaitazama muda mrefu, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kilichobaki huko.

"Nzuri," akasema. "Foromali yangu iko wapi?"